Samaki Waendao Wawili Wawili

Nchi ya Majimengi usiitafute kwenye ramani. Wachora ramani walikwenda huko mara moja, wakakaribishwa vizuri sana, na mpaka leo hawajaruhusiwa kuondoka. Lakini nchi ipo, wananchi wake wapo, na fahari yao kubwa ni Ziwa la Kina Kirefu, ambalo maji yake yanafika magotini. Yamefika magotini tangu mto uliokuwa ukililisha ugeuzwe kwenda kumwagilia bustani za maua za wakubwa. Jina halikubadilishwa kwa kuwa limo kwenye Katiba, na Katiba haiguswi kwa sababu ya ukame tu. Watoto shuleni huimba juu ya mawimbi yake. Mwalimu mmoja aliwahi kuwapeleka wanafunzi wakalione kwa macho yao, akahamishiwa wilaya isiyo na maji kabisa ili apumzike.

Kisaka alikuwa mbebaji katika ziwa hilo, na kazi hii inahitaji maelezo kwa msomaji anayetoka nchi za kawaida. Zamani, maji yalipokuwa maji, Serikali iliunda Mashua ya Taifa, kubwa, ya mbao nzito, yenye viti vya mahameli na mwavuli, ili viongozi wakague ziwa. Maji yalipopungua, mashua ikakaa topeni. Pengine ungedhani ukaguzi ungekoma, au viongozi wangevua viatu wakakagua kwa miguu. Lakini itifaki ya Majimengi ilisema kiongozi hakanyagi tope, na katika ukurasa uliofuata ilisema ziwa hukaguliwa kwa mashua. Basi wakaajiriwa wanaume wenye mabega, wakaingia majini, wakainyanyua ile mashua, hawa upande huu na hawa upande ule, wakawa wanatembea nayo polepole kana kwamba inaelea. Walifundishwa hata kuiyumbisha, kushoto kidogo, kulia kidogo, ili viongozi wapate kichefuchefu cha heshima.

Kwa kuyumbisha, hakuna aliyemfikia Kisaka. Mguu wake wa kushoto ulikuwa na tege la kuzaliwa nalo, kama baba yake na babu yake, na kila alipoukanyaga mashua ilipata mwinamo ambao Waziri wa Maji na Sifa, Mheshimiwa Tumbulu, alisema ni bahari tupu. Kisaka alifurahi kusifiwa. Hakuwa mtu wa makuu. Alichokitaka mwaka ule kilikuwa kimoja tu: mkewe, Mwantumu, alikuwa na mimba kubwa, na yeye alitaka kuwa nyumbani mtoto atakapozaliwa.

Kwao Kisaka mtoto hapewi jina na mtu yeyote isipokuwa baba, naye humpakata mwenyewe na kumnong'oneza jina sikioni. Kabla ya hapo baba halitaji kwa mtu, hata kwa mama. Mtoto ambaye hajanong'onezwa huitwa Mgeni, na hata akikua akaota meno na kuanza kutembea bado ni Mgeni, anakaa tu kwenye nyumba ya watu. Kisaka alikuwa na jina lake tayari. Alilitembeza kinywani siku nzima akiwa na mashua begani, akilionja, na kila alipolionja alilipenda zaidi. Msimamizi wake alimwahidi ruhusa mara baada ya ukaguzi mmoja tu uliobaki.

*

Ukaguzi huo ulikuwa wa chombo kipya. Wananchi wa Majimengi walikuwa wanakula ugali kwa chumvi, na wale wa mikoa ya mbali wanakula ugali kwa kuikumbuka chumvi. Samaki hawakuonekana sokoni tena. Minong'ono ikazidi, mpaka Mkuu wa Nchi mwenyewe, Mheshimiwa Mlezi Mkuu, akazungumza redioni.

"Wananchi, samaki hawajakwisha," alisema. "Kusema samaki wamekwisha ni kuwasingizia viumbe wasioweza kujitetea. Samaki wamejificha. Wamejificha kwa aibu, kwa kuwa baadhi yenu mliwavua bila uzalendo. Serikali yenu imenunua jicho la kuwaona huko huko waliko."

Jicho hilo lilikuwa sona kutoka nchi rafiki, na mtaalamu wake alikuwa Dokta Lusewa, aliyesomea mambo ya samaki ng'ambo, kwenye jiji lisilo na ziwa. Siku ya ukaguzi alisimama mbele ya mashua, na sona ikiwa imefungwa kwenye mti mrefu ulioingia majini, akamweleza Waziri Tumbulu.

"Mheshimiwa, chombo hiki kinapiga sauti majini ambayo sikio halisikii. Sauti ikigonga kitu, inarudi na habari zake, na habari zinageuka picha hapa kwenye kioo, papo kwa papo. Samaki akitikisa mkia, unauona mkia. Maji yakiwa na kina kirefu, chombo hutazama chini. Maji yakiwa..." Hapo akasita, maana kutamka "kina kifupi" karibu na ziwa lile kulikuwa na kifungo chake. "Maji yakiwa na kina kirefu cha aina yetu, tunakilaza kikatazama ubavuni."

Akakilaza. Msimamizi akapiga filimbi, wabebaji wakanyanyua, mashua ikaanza kwenda. Kwenye kioo yakatokea maumbo ya manjano, marefu, manene, yakienda mbele na kurudi nyuma kwa utaratibu mzuri, mengi pande zote mbili. Waziri akasogeza kiti chake cha mahameli.

"Dokta, vile ni nini?"

Dokta Lusewa akatazama kioo. Akatazama nje ya mashua, kwenye vichwa vya wabebaji vilivyokuwa vikivuja jasho chini ya kiwiko chake. Akatazama tena kioo. Alikuwa na nyumba ya Serikali, gari la Serikali, na mama mkwe aliyekuwa akitibiwa kwa hisani ya Serikali.

"Ni samaki, Mheshimiwa."

"Wakubwa."

"Wakubwa sana, Mheshimiwa."

"Naona wanakwenda wawili wawili."

"Spishi hiyo ndivyo ilivyo, Mheshimiwa. Wanapendana."

Kisaka alikuwa chini kabisa ya kiwiko cha Waziri na alisikia yote. Kwa kuwa alilelewa akifundishwa kwamba mkubwa akipotea njia unamwelekeza kwa adabu, alikohoa kwanza.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Samahani. Hiyo ni miguu yetu."

Waziri hakukasirika. Aliinama akamtazama Kisaka kwa huruma ya kweli.

"Marahaba. Ndugu yangu, wewe umetazama kwa macho tu, vitu tulivyopewa bure. Hiki chombo kimenunuliwa."

"Mheshimiwa, naomba ninyanyue mguu wangu mmoja, utaona."

Waziri, ambaye alijivunia kusikiliza wananchi, akaruhusu. Kisaka akaunyanyua mguu wa kushoto, ule wa tege, ukatoka majini ukining'inia. Kwenye kioo umbo moja, lililopinda katikati, likapotea.

"Umeona ulichofanya?" Waziri akasema. "Umemtisha, kakimbia. Hebu shusha mguu, taratibu."

Kisaka akaushusha. Umbo likarudi.

"Karudi," Waziri akasema, na sauti yake ililainika. "Kashakuzoea. Kumbe mnaishi nao vizuri."

*

Habari zilipokelewa kwa shangwe. Ilitangazwa kwamba Ziwa la Kina Kirefu lina samaki wengi kuliko wakati wowote katika historia, wote wazima, wote wanene, na hakuna hata mmoja mfupi. Skrini kubwa ikasimikwa Uwanja wa Shukrani, katikati ya mji mkuu, na picha za sona zikawa zinaonyeshwa mubashara kutwa kucha. Kila familia ilipangiwa zamu ya kwenda uwanjani na ugali wake. Unakata tonge, unatazama samaki, unameza. Waziri wa Afya alieleza kwamba kitoweo cha macho hakina miiba na hakijawahi kumkaba mtu, na kwamba nchi nyingi zilizoendelea zinatuonea gere.

Jioni ya ukaguzi, hata hivyo, Kisaka na wenzake walikuwa wameiweka mashua juu ya magogo yake na kuanza kutoka majini, kila mtu akiwaza kwake. Ufukweni walimkuta askari mwenye bunduki.

"Samaki wanakwenda wapi?" askari akauliza.

"Afande, ni sisi. Tumemaliza kazi, tunakwenda nyumbani."

"Nyinyi nendeni, mimi sina ugomvi na nyinyi. Lakini samaki wabaki. Nimeambiwa wasipungue."

"Sasa nitakwendaje bila miguu, Afande?" Kisaka akauliza.

Askari akafikiri. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na familia.

"Kwa kweli hilo sikuelezwa," akasema. "Ngojeni niulize."

Akauliza, na alikouliza wakauliza mbele zaidi, na kule mbele wakaunda tume. Wabebaji walirudi majini kusubiri majibu. Wakawa wanalala kwa kuegemea ubavu wa mashua, mmoja akimshikilia mwenzake asianguke. Kuhusu chakula, msimamizi aliomba unga na maharage, lakini Hazina ikahoji ni lini samaki walianza kula maharage, ikaidhinisha pumba. Pumba zilirushwa majini kila asubuhi, na wanaume wazima waliokuwa na wake zao na heshima zao waliinama wakaziokota zikielea.

Ndomba, mbebaji aliyesimama nyuma ya Kisaka, alikuwa mtu wa vitendo. Aliona tume haitakwisha leo, akatoroka kupitia matete. Uwanja wa Shukrani watu wakaona samaki wawili wamepungua, na tonge zikawashuka vibaya. Ndomba akakamatwa barabarani, karibu na kwake, akashitakiwa kwa kukutwa na samaki wawili wakubwa wa Serikali, bila kibali, akitembea nao. Wakili wake alijitahidi sana. Hakimu, mama mmoja mwenye haki na moyo laini, aliona kwamba mshitakiwa ni mkosaji wa mara ya kwanza na ana watoto wadogo, akamwachia huru bila faini, na kuamuru samaki warudishwe ziwani siku hiyo hiyo. Ndomba akarudi kwenye nafasi yake nyuma ya Kisaka. Alisema tu kwamba yeye sasa ni mtu huru.

*

Mwantumu alijifungua tume ikiwa bado inajadili tafsiri ya neno "mguu". Askari wa ufukweni ndiye aliyeleta habari. Aliingia majini mpaka buti zikajaa maji, jambo lililokuwa kinyume cha amri, akamwambia Kisaka kwa sauti ya chini.

"Mkeo kajifungua salama. Binti."

"Yukoje?"

"Mzima. Kafanana nawe mguu."

Kisaka aliweka uso wake kwenye ubao wa mashua akalia, na hakuona haya. Alilia kwa furaha, kisha akalia kwa kuwa binti yake alikuwa Mgeni, na baba wa mtoto alikuwa amesimama kwenye tope akila pumba. Jina lilikuwa pale pale mdomoni. Alikaribia kumpa yule askari alipeleke, akajizuia. Jina linalopita kwa mtu mwingine halishiki.

Mwantumu alikuja na mtoto mgongoni mpaka ufukweni, akarudishwa, kwa kuwa sauti za binadamu huwasumbua samaki. Basi akaenda Uwanja wa Shukrani kwa zamu ya mtaa wake. Haya Kisaka aliyapata baadaye kwa askari yule yule, aliyeyapata kwa dada yake. Mwantumu alifika, akaketi na wenzake, akatazama skrini, na katikati ya samaki wote wale wanene akamwona mmoja aliyepinda. Alimtambua kabla hajakata tonge. Miaka yote ya ndoa alikuwa ameuona mguu ule ukiingia mlangoni kabla ya mwenye nao.

"Yule ni mume wangu," alimwambia mama aliyeketi karibu naye.

"Ni kweli, shoga," mama yule akasema kwa upole. "Hapa kila mtu ana wake anayempenda. Mimi wangu ni yule mnene wa pembeni."

Mwantumu hakubishana. Alimfungua mtoto mgongoni akamwelekeza kwenye skrini, akamwambia, "Baba yako huyo." Tangu hapo kila zamu yake ilipofika alifanya hivyo hivyo.

Kisaka alipoelezwa, akaanza kufanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Saa za mchana, ambazo mtaa wao ulikuwa na zamu, aliuchukua mguu wake wa kushoto akaucheza majini. Aliupeleka mbele, akaurudisha, akauzungusha kifundoni, akaupiga kwenye tope polepole kama mtu anayebembeleza. Mgongo ulimuuma, vidole vilikuwa vimeanza kubabuka kwa maji, lakini aliucheza. Alijua kuna mtoto mahali anatazama.

Kwa bahati mbaya na watu wengine walitazama. Uwanja mzima ukaanza kumshangilia. Wakambatiza jina, Kombo. Zikachapwa kanga zenye picha yake, shule za chekechea zikatunga wimbo wake, na mwanasayansi mmoja akaandika kwamba Kombo hucheza kwa furaha ya kuishi katika maji yenye amani. Mheshimiwa Mlezi Mkuu akamwona akiwa kwenye kochi lake Ikulu.

"Nataka yule," alisema.

*

Siku ya Mlezi Mkuu kuvua ilikuwa sikukuu ya kitaifa. Jukwaa lilijengwa ufukweni, skrini nyingine ikasimikwa hapo hapo, bendi ya polisi ikaja na ngoma zake. Akina mama wenye watoto wachanga walipangwa mstari wa mbele kwa ajili ya kamera, na Mwantumu, ambaye safari hii hakufukuzwa bali aliletwa kwa gari, alikuwa miongoni mwao. Kisaka alimwona kutoka majini. Aliona na mafundo mawili madogo meusi ya nywele yakichungulia begani kwake, akasahau uzito wa mashua.

Mlezi Mkuu akabebwa kwa kiti mpaka ndani ya mashua, akaketi juu ya mahameli, akapewa mshipi wenye ndoano ya kung'aa na chambo cha paja la kuku. Dokta Lusewa akamwelekeza. Kwa sona, alisema, kuvua si kubahatisha tena, unamwona samaki na unaiona ndoano yako mwenyewe ikimfuata. Mlezi Mkuu akatupa. Kwenye kioo ndoano ilionekana ikishuka vizuri kabisa, ikatua karibu na Kombo, ikabaki hapo. Kombo hakuigusa. Mlezi Mkuu akaitikisa, na Kombo hakuigusa. Akatupa tena, na tena, na samaki wote wa Ziwa la Kina Kirefu walisimama wima wakikiangalia chambo cha Mkuu wa Nchi bila kukijali.

"Wananiona?" Mlezi Mkuu akauliza.

"Wanakuona, Mheshimiwa," Dokta akasema, kisha akajuta.

"Wananiona na hawali. Kwa hiyo wamesusa." Akageuka kwa Waziri Tumbulu. "Tumbulu, samaki wako wamesusa."

Waziri akawa na rangi ya majivu. Akajifanya ameangusha leso, akainama nje ya mashua mpaka mdomo wake ukakaribia masikio ya wabebaji.

"Mmoja wenu aile ndoano," akanong'ona. "Sasa hivi."

Kwa mara ya kwanza tangu chombo kile kije, kiongozi alikuwa amezungumza na samaki ana kwa ana, nao hawakujua waitikie kama nani.

"Na atakayeila, Mheshimiwa," Kisaka akauliza, "atafanywaje?"

"Atatolewa majini. Atapelekwa jukwaani, mbele ya wananchi wote."

"Mbele ya mstari wa akina mama?"

"Hapo hapo mbele yao. Fanyeni upesi."

Ndomba akamshika Kisaka mkono chini ya ubao.

"Usifanye hivyo, kaka. Samaki akishavuliwa huliwa. Hawa wana njaa ya miaka."

"Wakinila," Kisaka akasema, "jina litakuwa limeshafika."

Akaikamata ndoano chini ya maji. Akachomoa paja la kuku, akampa Ndomba, ambaye alilila palepale bila kutafuna. Kisha akaikita ndoano kwenye shavu la mguu wake wa kushoto, akaisukuma mpaka kijino chake cha kunasia kikazama. Maumivu yalimpanda mpaka kwenye meno. Kwenye kioo Kombo alirukaruka, na watu wote ufukweni wakasimama.

Mlezi Mkuu alivuta. Kisaka akaanguka kwenye tope, akavutwa kwa mguu, akajiburuta kwa viwiko kuusaidia mshipi usikatike, maana ungekatika angebaki. Askari wawili wakampokea ufukweni. Wakamtundika kwenye mizani ya jukwaani kwa mguu wenye ndoano, kichwa chini, na Dokta Lusewa akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba hii ni rekodi ya taifa. Wapiga picha wakapiga picha. Mlezi Mkuu akarudishwa kwa kiti mpaka jukwaani, akasimama pembeni yake, akamwekea mkono kiunoni, akatabasamu.

Kisaka hakuwasikia. Dunia ilikuwa juu chini, na katika hali hiyo ya juu chini alimwona Mwantumu amesimama hatua chache tu kutoka pale, machozi yanamtoka, mtoto yuko mikononi. Mtoto alikuwa macho, anamtazama. Alikuwa na paji la uso la bibi yake. Kisaka alinyoosha mikono yote miwili.

"Nipeni mtoto," akasema. "Nipeni nimpakate, jamani, kidogo tu."

Bendi ilikuwa imeanza wimbo wa taifa. Mwantumu akasogea, askari akamzuia kwa kitako cha bunduki, si kwa nguvu. Kisaka alipoona mikono haifiki, akaamua kuvunja desturi ya kwao. Akalitamka jina kutoka pale pale alipotundikwa. Akalitamka tena. Akapaza sauti, lakini damu ilikuwa imemjaa kichwani, koo lilikuwa limekauka, na ngoma za polisi zilikuwa mpya. Alichokiona Mwantumu ni midomo ya mumewe ikifunguka na kufumba, kufunguka na kufumba.

Mlezi Mkuu naye aliiona.

"Mtazameni," akasema, na akainua mkono bendi ikome. "Anatweta. Anataka maji."

Ngoma zikakoma. Kisaka alikusanya pumzi alizobakiwa nazo, akafungua kinywa, na askari mmoja, kwa wema, akammwagia ndoo ya maji usoni.

"Wananchi," Mlezi Mkuu akasema kwenye kipaza sauti, "wako viongozi katika nchi nyingine ambao wangemla samaki huyu. Mimi nimemtazama machoni nikaona ni mtoto wa ziwa hili. Hatuvui kwa tamaa. Tunavua ili tuone, na tukishaona, tunarudisha. Mrudisheni majini alikozaliwa, upesi, asife."

Makofi yalipigwa mpaka mikono ya watu ikavimba. Wengine walilia kwa kuguswa. Wakamshusha Kisaka, wakamchomoa ndoano, wakambeba wanne, wakakimbia naye kwa uangalifu mkubwa kwenda ziwani, na alivyokuwa akijipinda na kupiga mateke walisema huyu kweli ana hamu ya kwake. Wakamweka majini. Ndomba akamshika begani asianguke, akamrudisha kwenye nafasi yake chini ya mashua, na skrini ufukweni ikaonyesha kwamba Kombo yuko hai. Makofi yakaanza upya.

Mlezi Mkuu alishuka jukwaani akapita mbele ya akina mama, akiwasalimia mmoja mmoja. Alipofika kwa Mwantumu akasimama. Mtoto alikuwa ameponyoka kidogo kutoka kwenye kanga, na mguu wake wa kushoto ulikuwa umening'inia nje, mdogo, mnene, umepinda kuanzia gotini. Mlezi Mkuu aliutazama mguu ule. Akageuka akatazama skrini, Kombo akienda mbele na nyuma. Akautazama tena mguu wa mtoto, na uso wake ukajaa furaha ya mtu aliyeona matunda ya kazi yake.

"Tumbulu, njoo uone," akasema. "Wanazaliana."

Waziri akaja mbio, akainama, akahakikisha.

"Kifaranga mzuri, Mheshimiwa. Tutampa namba leo hii."

Kisaka, maji yakiwa yamemfika tena magotini na begani mzigo wake wa siku zote, aliona kila kitu lakini hakusikia neno. Alimwona Mkuu wa Nchi akimpapasa binti yake unyayo. Alimwona Waziri akimwashiria mtu aje na wino. Kisha akamwona Mwantumu akiivuta kanga mpaka chini, akaifunika miguu ya mtoto, akaizungushia kanga mara ya pili, na kuikumbatia kwa mikono yote miwili.